Droo Iliyokataa Kufunga

Mashine ile ya kuosha vyombo tuliachiwa na Mzungu mmoja aliyefanya kazi na mume wangu, kabla vita havijaturudia mara ya pili. Haikuwa na mlango wa kufungua kwa mbele. Ilikuwa droo kubwa ya chuma: unaivuta kuelekea tumboni, unapanga sahani ndani, unaisukuma, unabonyeza kitufe. Wifi zangu walicheka mpaka wakakaa chini. Mwanamke wa Kishi, aliyetolewa mahari ya ng'ombe, eti sahani zake zinaoshwa na umeme! Niliwaacha wacheke. Nilikuwa na licence, shahada ya chuo kikuu, ya kemia, nilikuwa nafundisha kwenye lisee ya wasichana, na sikuona kwa nini mikono yangu iishie kwenye sufuria za bugali.

Niliifaidi miezi michache tu. Vita vikaja, maji yakakatika, umeme ukawa wa kubahatisha, na droo ikawa kabati la sahani za wageni.

Siku risasi zilipozidi tulikubaliana kwamba mimi niwapeleke watoto kwa mama mdogo, kijijini Mudaka, na mume wangu abaki kulinda nyumba. Bukavu nzima ilikuwa inaficha vitu, huyu darini, yule chini ya migomba, mwingine ndani ya gunia la unga. Mimi nilikuwa na hofu ya kitu kimoja. Nilikunja diplome yangu ya chuo kikuu pamoja na ya mume wangu, nikazifunga kwa utepe wa kitenge cha manjano, nikamkabidhi mkononi. Nikamwomba aziweke mahali ambapo askari hatafikiria kutazama.

Lazima nieleze kwa nini. Chuo kimoja cha ualimu cha Goma kilikuwa kimenikubali nifundishe kemia, ila kilitaka kuona diplome yenyewe, si kopi. Na kupata nyingine ilikuwa ndoto, maana ofisi za kutia saini zilikuwa Kinshasa, upande wa pili wa vita. Karatasi ile ndiyo iliyokuwa njia yangu. Mume wangu hakuipenda habari ya Goma, lakini hakuwahi kusema hapana. Alikuwa anasema tu, tutaona.

Tuliporudi, baada ya wiki kadhaa, nyumba ilikuwa tupu. Televisheni, magodoro, hata mapazia, vyote vilikuwa vimebebwa. Droo ya jikoni tu ndiyo ilikuwa mahali pake. Askari, basoda kama tunavyosema, soda akiwa mmoja, waliivuta, wakaona sahani, wakadhani ni kabati, wakaenda zao. Nikauliza diplome. Yake, alisema, aliitoa mapema akaiweka ndani ya shati. Yangu ilikuwa chini ya godoro.

“Basoda balikuwa banatafuta kartasi ya kuwasha moto ya chai,” aliniambia. “Niliona inaungua na macho yangu, Maman. Sikuweza kufanya kitu.”

Nililia kama niliyefiwa. Yeye alinishika mabega, akanipangusa machozi kwa mkono wake mwenyewe. Goma wakampa kazi mtu mwingine, nami nikarudi kwenye lisee yangu. Lakini askari yule hakunitoka moyoni. Nilimtengenezea sura, meno, kofia, hata jinsi alivyopuliza ile chai. Nilimchukia mpaka nikaenda kuungama. Padri akanipa kitubio kirefu: nimwombee kila siku, kwa jina lake. Sikuwa na jina lake, basi nikamwita Yule wa Chai. Kwa miaka miwili nilimwombea Yule wa Chai, asubuhi na jioni, na mwishowe, naapa, nilimsamehe kweli. Nilikuwa najivunia msamaha ule.

Kisha ikaja komunyo ya kwanza ya binti yetu. Wageni wangekuwa wengi, maji yalikuwa yamerudi mtaani, na umeme ulikuwa unadumu mchana. Jumamosi, siku moja kabla ya sherehe, nikasema leo mashine irudi kazini. Mume wangu akakunja uso. Iko ya zamani, alisema, itatuunguzia nyumba bure. Nikajifanya sikusikia. Nikajaza sahani, nikaisukuma droo, nikabonyeza. Taa nyekundu ikawaka, mashine ikalia mara tatu, ikanyamaza.

Kijitabu chake cha Kifaransa kilikuwa bado kipo. Kilisema taa ile ni kosa la kupanga vyombo: kuna kitu kinachoizuia droo isifunge sawasawa. Mume wangu alisoma mstari huo akafurahi kuliko ilivyostahili.

“Unaona? Masini iko muzima. Ni weye haujuwe kupanga,” alisema. “Achana nayo, osha na mikono.”

Akaenda parokiani kuangalia viti vya wageni. Mimi nikabaki na hasira zangu. Kuambiwa sijui kupanga sahani, mimi niliyepanga chupa za asidi kwenye maabara bila kuvunja hata moja! Ukitaka kumjua mkosaji katika maabara, unaondoa kitu kimoja kimoja. Nikaondoa sufuria. Taa. Nikageuza visu na uma, nikatoa sahani za nyuma, nikauzungusha kwa kidole ule mkono unaorusha maji kuona kama unagonga mahali. Taa. Nikatoa kila kitu, droo ikabaki tupu kabisa, nikaisukuma. Taa tena.

Basi kosa halikuwa langu. Sahani hazikuwa na hatia, na mimi pia.

Nikainama, nikatazama. Droo ilibaki nje kiasi cha kidole kimoja. Nikakumbuka kwamba ilikuwa hivyo tangu tuliporudi kutoka Mudaka. Lakini nani anahangaika na kabati la sahani lisilofunga vizuri? Nikavuta droo mpaka mwisho, nikafungua vile vibano viwili vya reli, nikainyanyua na kuilaza pembeni taratibu nisiung'oe mpira wa maji. Nyuma kabisa, kati ya mpira na ukuta, kulikuwa na kifurushi cha plastiki nyeusi.

Niliona utepe wa kitenge cha manjano kabla sijamaliza kufungua. Ndani ilikuwa diplome yangu, peke yake. Haikuungua wala haikulowa. Jina langu lilikuwa limeandikwa vizuri na wino mweusi.

Nitasema ukweli: kwa dakika moja nilimtetea. Nikasema alisahau, maskini, kwa hofu ya siku zile. Kisha nikautazama utepe. Fundo halikuwa langu. Mimi nafunga fundo jepesi, la kuvuta na kufunguka. Hili lilikuwa lake, fundo juu ya fundo, vile anavyofunga viatu. Alifungua, akatoa yake, akaifunga tena yangu, akairudisha gizani. Kisha akaja kunipangusa machozi. Kikulacho ki nguoni mwako, wanasema. Nilikaa kwenye sakafu ya jikoni na nikahisi aibu, kama vile mimi ndiye niliyeiba.

Nikarudisha droo kwenye reli. Nikapanga sahani zote, hata sufuria kubwa, nikaisukuma. Ikafunga. Mashine ikaanza kuvuma bila taa yoyote.

Aliporudi aliisikia tangu sebuleni. Akaja akasimama mlangoni pa jikoni.

“Imekubali?”

“Imekubali. Kulikuwa kitu nyuma.”

Hakuuliza kitu gani. Aliitazama mashine, kisha akatazama miguu yake.

“Ungeenda Goma,” alisema. “Na batoto ungebeba. Banaume bengine babakia peke yabo hivyo.”

“Ningerudia kila likizo, Papa. Nilikuambia.” Kisha nikamuuliza, “Na yule soda?”

“Soda gani?”

“Yule wa chai.”

Alinitazama kama mtu anayetafuta jina la kijiji alichopita mara moja tu. Alikuwa amemsahau. Miaka miwili nilikuwa nampigia magoti mtu ambaye mume wangu alimtunga kwa dakika moja, na yeye hakumkumbuka.

Kesho yake tulimsindikiza binti yetu kanisani, tukapiga picha, wifi zangu wakala kwenye sahani safi na kuisifu mashine. Jumatatu nikapanda gari la Mudaka na kifurushi ndani ya kikapu. Mama mdogo alikipokea, akakisukuma chini kabisa ya pipa lake la maharagwe, kisha akanitazama kwa wasiwasi akauliza kama basoda wanarudi.

Nikamwambia hapana, safari hii sifichi kwa kuogopa askari.