Babu wa Maji Maji aliulizwa, Siwema hakuulizwa

Wakuu, hamjambo? Ninayoyaandika nimeyaona kwa macho yangu, sijaongeza chumvi. Hasira mtanivumilia, bado ninayo.

Mimi ni mshonaji nguo hapa Kibiti, lakini kwetu Ngorongo. Kaka yangu yuko huko huko, analima mpunga. Binti yake, Siwema, ana miaka kumi na minne.

Mwaka jana Siwema na mdogo wake Hamisi walikwenda mtoni kuchota maji. Mamba akamchukua Hamisi. Mwili hatukuupata.

Baada ya matanga Siwema akaacha kuongea. Hali chakula. Halali usiku. Akiona ndoo anatetemeka mpaka anajikojolea.

Shuleni mwalimu akasema ana kiburi, hajibu maswali. Akamchapa. (Nikimfikiria huyo mwalimu mpaka leo mkono unaniwasha.)

Siku moja asubuhi wifi akanipigia simu: "Mtoto kapandisha mzimu. Ni babu mkubwa."

Huyo babu mkubwa ni babu wa babu yetu, alinyongwa na Wajerumani vita vya Maji Maji. Wazee wakaamua kuwa hakuombewa dua, sasa amemkalia mtoto kichwani.

Nieleweke: vita vile naviheshimu. Kwetu kila ukoo una mtu wake aliyepotelea huko. Lakini sikiliza nilichokikuta.

Nilipanda bodaboda asubuhi ile ile. Siwema amefungwa kamba ya mguu kwenye nguzo ya jiko. Mganga anammwagia maji ya dawa usoni, kata baada ya kata.

Maji, wakuu! Mtoto anayeogopa maji!

Anapiga yowe, na wazee wanafurahi: "Huyo, huyo! Babu anaanza kusema!"

Hata shikamoo sikutoa. Nikamgeukia kaka: "Kuna mtu amemuuliza huyu mtoto aliona nini siku ile mtoni?"

Akaangalia chini. "Tulisema asikumbushwe, dada."

Yaani aliyekufa zaidi ya miaka mia iliyopita anaulizwa shida yake, aliye hai analoweshwa!

Nikafungua kamba mwenyewe. Mjomba mmoja akanionya, "Ukimtoa hapa, babu atakuhamia wewe."

Nikamjibu, "Na aje, mjomba. Kibiti anapajua."

Nikampeleka hospitali. Nesi wa afya ya akili hakumshika kwa nguvu wala kumkemea. Alikaa naye mkekani, wakachora. Siku ya kwanza kimya. Ya pili kimya.

Ya tatu Siwema akasema, sauti imekauka: "Mimi ndiye niliyemwambia Hamisi asogee mbele."

Miezi yote hiyo alikuwa amebeba hilo peke yake.

Nikamwita kaka. Aliposikia alilia mbele za watu, akamwambia, "Mwanangu, si kosa lako. Mtoni niliwatuma mimi."

Siwema bado anahudhuria kliniki, kaka ndiye anayemsindikiza. Mtoni haendi, na hakuna anayemlazimisha. Anakula. Juzi alikuja kwangu akagombana na binti yangu kuhusu kitana, nikafurahi kama nimesikia kasida.

Nilichojifunza: mtoto akinyamaza, kaa naye umuulize, kisha mpeleke kwa wataalamu. Dua msomeeni, hakuna aliyekataza. Kamba hapana.

Mwenye mtoto aliyebadilika ghafla nyumbani aandike hapa chini, tusaidiane. Na mwenye kutetea kamba naye aje. Nipo, nimekaa namsubiri.