Wimbo Uliong'olewa Meno

Fundi wa ukulele, lile gitaa dogo, hapa kisiwani kwetu, kijiji cha Arorangi, hujaribu kila chombo kwa namna moja. Hufunga nyuzi za mshipi wa kuvulia, huzikwaruza kwa ukucha wa dole gumba, kisha huegemeza shavu kwenye mbao kama anayesikiliza pumzi za mtoto aliyelala. Wimbo wake wa kujaribia ni uleule, wa mpenzi aliyepanda meli, na uchokozi wake ni uleule. "Wetu huu! Watahiti waliuiba, wakaung'oa meno," husema, maana ndugu zetu hao wa kisiwa cha mbali humeza sauti ambazo sisi huzitamka. Mama Vaihere, jirani yake mzaliwa wa Tahiti, alikuwa akimjibu kutoka uani: "Mwizi ni wewe, kibogoyo we!" Nilimwonya fundi mara nyingi kwamba kumsingizia jirani wizi ni dhambi. Alicheka tu.

Mwezi uliopita Mama Vaihere alipooza, akanyamaza kabisa. Nilikuwapo karakanani bintiye alipokuja. "Hata jina langu halitaji," alisema. Fundi alinawa gundi mikononi, akachukua ukulele, akaenda kuketi kando ya kitanda cha Mama Vaihere. Akauimba wimbo wote kwa Kitahiti, bila kukosea neno, akimeza kila sauti inayomezwa huko. Kwenye ubeti wa mwisho midomo ya mgonjwa ilicheza.

"Wetu," alisema kwa shida.

Binti akaangua kilio. Fundi akaushika ule mkono uliolegea.

"Wenu, mama," akasema. "Haya, sasa nitukane."