Kuitikia Bila Kusimama

Daktari aliposema ananiandikia dawa ya kisukari, nilikataa hapohapo. Sina kisukari. Alikuwa amenipima asubuhi ileile na majibu yalikuwa mezani mbele yake. Akanieleza kwa upole kwamba moyo wangu umechoka kwa umri, na mwili nao unafuata, na kwamba siku hizi dawa hiyo hupewa pia watu wenye moyo wa namna yangu, hata kama sukari yao iko sawa. "Haitakurudishia ujana, bibi," akasema. "Itapunguza tu kasi ya kuchoka." Hilo la bibi lilinichoma, lakini dawa nikaichukua.

Nilikuwa na sababu. Mwanangu anayeishi Muheza alikuwa ameshanitengea chumba. Alitaka nihamie kwake, kwenye joto lile, nikae nimenyoosha miguu mkekani nikitazama wajukuu. Nilimpenda kwa wazo lake, na wazo lenyewe nikalichukia. Tukakubaliana apande kuja wakati wa kuvuna viazi, aone mwenyewe hali yangu. Akikuta sijiwezi, nitafunga virago.

Kwetu, milimani juu ya Lushoto, huhitaji mashine kujua hali ya mwenzako. Njia za shambani ni nyembamba na salamu zetu ni ndefu. Mnaanza kusalimiana kabla hamjakaribiana, mnapishana, mnaendelea kuulizana habari za nyumbani, za ng'ombe, za mahindi, huyu akipanda na yule akishuka, mpaka sauti zipotelee mitini. Mwaka ule mimi nilikuwa nasimama. Mtu akisema "Onga mshi," salamu yetu Wasambaa ya mchana, nilishika fimbo kwa mikono miwili, nikavuta pumzi, ndipo nikajibu. Na watu, kwa adabu zao, wakawa wanasimama pia. Adabu ile iliniudhi kuliko ugonjwa.

Basi nikameza kidonge kila asubuhi. Kilinipeleka haja ndogo mara nyingi mno, nami kwa ujinga wangu nikaacha kunywa maji, nisije nikachuchumaa kichakani wakati vijana wanapita wakiniamkia shikamoo. Kizunguzungu kikaniangusha kwenye kabichi. Daktari alinigombeza kama mtoto. Nikarudia kunywa maji, na vichaka nikavizoea. Kanisani, akina mama walikuwa wameshasikia jina la dawa, wakaninyima sukari kwenye chai. Niliiomba kwa sauti iliyomfikia mchungaji. Na kila siku nilipanda, leo hadi kwenye mgomba, wiki ijayo hadi kwenye mfereji.

Mwanangu akaja. "Shikamoo, mama." "Marahaba. Beba kapu." Tukapanda. Tulipishana na jirani mwenye kuni kichwani, nikaitikia nikitembea. Tukapishana na wengine wawili, nikaitikia. Lakini kwenye kona ya mwisho, shamba likiwa linaonekana, miguu iligoma. Nikakaa juu ya jiwe. Moyo ulidunda mpaka masikioni, na niliogopa, sitaficha.

"Umeona, mama," akasema taratibu. "Twende tu nyumbani kwangu."

Kabla sijamjibu, mama wa nyumba ya juu akatokea na debe la viazi kichwani. Akanisalimia. Nikamjibu, nikamuuliza habari za watoto, akaniuliza za moyo wangu na za mvua, nami nikajibu moja baada ya nyingine bila kukatisha. Yeye hakusimama hata kidogo. Alikuwa ameshafika mbali chini, bado tunaulizana.

"Nimekaa," nikamwambia mwanangu, "na nikifika hapa nitakuwa nakaa kila siku. Lakini nimeitikia. Siku utakaposikia nimeshindwa kuitikia, njoo unichukue. Sitabisha."

Aligeuka kutazama chini, alikopotelea yule mama. Kisha akaokota fimbo yangu, akanipa, akauliza tuanze kuvuna tuta lipi.