Shada la Bisi

Juzi, kwenye duka moja pale Nyakato, niliona shada la Krismasi la plastiki limening'inia mlangoni. Harufu ya bisi ikanijaa puani.

Nilipokuwa mtoto, mchana mmoja wa mkesha wa Krismasi, mama alikaanga bisi mpaka kifuniko cha sufuria kikawa kinarukaruka. Tulizitunga kwa sindano kwenye uzi wa nyavu, tukauzungusha kwenye waya. Shada kubwa tulilitundika mlangoni. Dogo mama alilipeleka nyuma ya nyumba, kwenye kaburi la mdogo wangu, Marwa.

"Mama, mbona la Marwa umelitia chumvi?"

"Alikuwaga hali bisi bila chumvi."

Nikajua basi atakula. Si walikuwa wameniambia amelala tu?

Asubuhi nilikuta uzi mtupu pale kaburini. "Mama, amezimaliza zote!" nilipiga kelele. Mama aliketi pale pale chini, akacheka huku machozi yakimtoka.

Sasa nikiwa mtu mzima, najua walikuwa kuku. Ila kufungua banda la kuku ilikuwaga kazi yangu, na asubuhi ile nilikuwa bado sijalifungua.