Madufu Hayapashwi Mlango Umefungwa

Siku ya kwanza kazini sikujua kama nimeanza kazi. Nilikuwa nimeleta gunia la mkaa wa miti ya miwati kutoka kwetu Matembwe, nikalitua mbele ya zawia pale mtaa wa Ramadhani, hapa Njombe mjini, nikangoja kulipwa niende zangu. Zawia ni nyumba ya watu wa tarika, yaani njia ya Kisufi; wanasali humo, wanasoma, wanafanya zikri, kulitaja jina la Mungu kwa pamoja. Ukungu siku hiyo ulikuwa umekaa mpaka adhuhuri, ule ukungu wetu wa kulowesha nyusi. Nikasikia mtu ndani anaigombeza ngoma.

"Wewe nawe! Wageni wameshafika Makambako, wewe umelala?"

Nikachungulia. Jamaa mwembamba, kanzu chini, koti la jeshi juu, kashika dufu. Nikamwambia, "Kaka, hiyo ngoma ina baridi tu."

"Na wewe ni nani, daktari wake?"

"Mimi nimeleta mkaa."

"Basi usiniangalie, washa!"

Nikawasha. Sikuiacha tena kazi hiyo mpaka mwaka huu.

Huyo alikuwa Athumani Ngole, mpasha madufu wa zawia, aliyekuwa bosi wangu na rafiki yangu. Mimi jina langu Ayubu Mgaya, nimesoma darasa la nne, baba na mama Walutheri, nami nikasilimu mwaka uliofuata. Naandika ili ninyi vijana mjue kazi ya kupasha madufu ilivyokuwa, na mjue Athumani alikufaje. Miaka yote nilitaka jambo moja: lisemwe mbele ya watu wa ziara kwamba Athumani alifungiwa mlango. Na aliyeufunga nitamtaja.

Kwanza kazi yenyewe. Dufu ni duara la mti lililowambwa ngozi ya mbuzi upande mmoja. Pwani ngozi haina shida, jua linaikaza. Huku kwetu ngozi inakunywa ukungu, inalegea kama shavu la mzee. Unalisogeza dufu kwenye makaa, mgongo wa ngozi ukielekea moto, unalizungusha polepole. Unalipiga kwa kidole cha kati karibu na sikio. Likisema "bu" bado. Likisema "di" limeamka. Ukizidisha, ngozi inapasuka mikononi mwako na watu wote wanakutazama. Mkaa sharti uwe umeiva, mwekundu wote, usio na moshi. Athumani alikuwa anaweza kujua dufu limeiva kwa kuliweka shavuni tu. Akishalipata anacheka: "Sikiliza huyo! Huyo sasa anajua jina lake!"

Na ziara, jamani, ziara! Sijui niianzie wapi. Ni sikukuu ya kumkumbuka Sheikh Mbaraka, aliyekuja kwa miguu akifundisha, akaanzia Makambako, akafia hapa Njombe. Ziara inafuata mwezi wa angani, basi mwaka mmoja inaangukia masika, mwingine inaangukia Julai, majani yanaamka meupe kwa baridi. Watu hawajali! Wanakusanyika Makambako kwanza, maana ndipo sheikh alipotua mzigo wake, wanapokewa kwa kahawa na halua. Kisha magari yanapanda huku, bendera zinatoka madirishani, kijani, nyekundu, nyeupe, wanaimba kasida mpaka vioo vinatetemeka. Wa Songea wana matari, yale yenye visahani vya bati pembeni. Wa Iringa wana sauti. Mmoja wao akianza kasida, unasimama hata kama umebeba sufuria la moto. Sisi wa Njombe tuna zikri ya mabega na makoti mazito, tukianza tunatoa mvuke kama ng'ombe wa alfajiri. Majirani zetu Walutheri wanaleta viazi na kuni, wanasimama ng'ambo ya barabara kutazama. Mama yangu alikuwa hapo kila mwaka. "Kamwene, Ayubu," ananisalimu, "mwaka huu ngoma zinalia vizuri kuliko kinanda chetu. Usimwambie mchungaji."

Baada ya alasiri inatoka zafa, yaani maandamano ya kwenda kaburini. Zafa haiondoki mpaka madufu yalie. Kwa hiyo watu wote wale walikuwa wanatungoja sisi, mimi na Athumani, na jiko letu. Moyo unadunda mpaka leo nikiandika.

Mkubwa wa zawia wakati huo alikuwa Khalifa Mzee Sefu. Chini yake kuna nakibu, yeye ndiye anayepanga watu, bendera na vyakula. Tukaletewa nakibu mpya kutoka pwani, Hemedi Mwinchande. Mtu mwenye sauti nzuri na haraka nyingi. Baridi yetu aliichukia kama adui. Sisi tulikuwa tunapashia chini ya upenu nyuma ya nyumba. Mwaka wake wa kwanza ikanyesha manyunyu na upepo, akaja mbio.

"Ingizeni jiko stoo! Ngozi zinalowa hizo!"

Athumani akasema, "Nakibu, mkaa haujaiva. Una moshi wa ndani."

"Ukingoja uive, zafa itatoka na makofi! Ingiza!"

Tukaingiza. Stoo ile ilikuwa chumba kidogo cha matofali chenye kidirisha kimoja. Hemedi mwenyewe akakiziba kwa magunia ili ukungu usipite. Kisha akatoka, akavuta mlango, nikasikia komeo la nje linaingia.

"Nakibu, mbona unafunga?" Athumani akauliza.

"Nikiacha wazi wageni watajazana kuota moto! Mkimaliza mtagonga, nitafungua."

Akaenda kupanga bendera.

Tukapasha. Kazi ilienda vizuri mwanzoni, chumba kilipata joto, madufu yakaanza kusema "di, di". Athumani akawa anacheka ovyo. Halafu akasema kichwa kinamgonga. Halafu akakaa chini na dufu kifuani. "Ayubu," akaniambia, "hili limeiva. Lipeleke." Hakusema tena.

Nikatambaa. Nikafika mlangoni, nikasukuma, komeo. Nikaita, sauti haikutoka. Mkononi nilikuwa bado na dufu, nikaligonga kwenye mbao za mlango, mapigo matatu matatu. Matatu, nanyamaza. Matatu, nanyamaza. Mnajua walichofanya nje? Wakaitikia! "Allah! Allah!" Uwanja mzima! Walidhani tumeanza zikri humo ndani, tumeshikwa nayo. Nikagonga kwa nguvu zaidi, nao wakazidi. Kila nilipoomba mlango, nilijibiwa kwa vigelegele. Niliwasikia wa Songea wanaingiza matari yao juu ya mapigo yangu, yakapatana vizuri sana. Hilo ndilo la mwisho nililosikia.

Aliyefungua ni Mwajuma, mke wa Athumani. Alikuja stoo kuchukua tari la wanawake. Alivuta komeo kwa mkono wake mwenyewe, akamkuta mumewe amekaa, kakumbatia dufu lenye joto, na yeye mwenyewe ameanza kupoa.

Mimi nilikuwa kwenye mkeka nje natapika wakati Hemedi anasimama mbele ya watu. "Ndugu zangu, msilie! Hii ni hali! Athumani kavutwa na Mola wake katikati ya zikri!" Hali ni pale mtu anapozama katika zikri asijijue. Watu wakapiga takbiri. Hakuna aliyetaja komeo.

Nilipopata ulimi nikasema. Nikamwambia Hemedi mbele ya watu wa jikoni, ni sumu ya mkaa, na wewe ulifunga. Akanitazama kwa huruma, mtu yule!

"Ayubu, wewe umesilimu juzi. Hali huijui. Ndiyo maana mwenzio alichukuliwa, wewe ukarudishwa."

Nimeishi na neno hilo kifuani pamoja na kikohozi cha mkaa ule. Nikaenda kwa Khalifa Mzee Sefu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Nimekusikia, mwanangu. Lakini wageni wameshaondoka na habari yao." Akanihamishia Makambako.

Makambako nilikaa miaka mingi, na sisemi uongo, nilipapenda. Upepo wa pale unakausha ngozi wenyewe. Nilijenga banda la kupashia lisilo na ukuta hata mmoja. Madereva wa malori walinitania: "Mgaya, unapasha ngoma au unakaanga chipsi?" Kila mtu niliyemfundisha nilianza naye hapo: jiko nje, mkaa mwekundu, mlango hatuna. Magari ya ziara yakiingia na bendera zake, mimi ndiye niliyekuwa nayapokea kwa dufu, na watu walikuwa wanaruka kabla gari halijasimama! Hata uchungu wangu haukuweza kunizuia kucheka siku hiyo.

Kumbe huku Njombe mambo yalikuwa yanakua. Mzee Sefu alipofariki, Hemedi Mwinchande akawa khalifa. Na ule mlango wa stoo watu wakaanza kuuita mlango wa baraka. Niliporudishwa Njombe nikakuta wageni wamepanga foleni kugusa komeo. Komeo! Wanalipaka mafuta ya waridi, wanalibusu, wanamwombea mtoto mgonjwa. Na zafa ikawa inaanzia hapo, dufu la kwanza linapigwa mbele ya mlango ule. Mwajuma alikuwa anasimama mbali, hagusi. Niliwahi kumwuliza kwa nini hajasema.

"Shemeji," akanijibu, "mimi ndiye niliyelivuta komeo, na hakuna hata mmoja aliyeniuliza lilikuwa upande gani."

Mwaka huu kifua kimenishinda, nikaomba kupumzika. Nikapewa heshima ya kuaga: nifungue zafa mwenyewe. Uwanja ulijaa mpaka barabarani. Bendera, matari ya Songea, mvuke wa chai, Walutheri na viazi vyao, manyunyu yale yale. Khalifa Hemedi alikuwa kwenye kiti, mzee sasa, kafunikwa blanketi. Salehe seremala, anayerithi kazi yangu, akanikabidhi dufu lililoiva. Nikaliweka shavuni. Lilikuwa linajua jina lake.

Nikaenda mpaka kwenye mlango. Sikupiga kasida. Nililigonga kwenye mbao. Matatu, nikanyamaza. Matatu, nikanyamaza.

"Allah!" wakaitikia. "Allah!" Vigelegele, matari yakaingia, kama siku ile ile, vizuri mno! Mimi nikaendelea kugonga, machozi yananitoka, namtazama Hemedi. Yeye hakuitikia. Nilijua anakumbuka, mapigo yale aliyasikia akiwa anapanga bendera. Nikagonga. Uwanja ukanguruma. Nikagonga tena.

Hemedi akainua mkono. Ilichukua muda watu kunyamaza, wa mbele kwanza, kisha wa barabarani.

"Nyamazeni," akasema kwa sauti ndogo. "Huyo hafanyi zikri. Huyo anaomba mlango."

Akavuta blanketi. "Nilifunga mimi. Kwa nje. Walikuwa wanagonga namna hiyo hiyo."

Mwajuma akatoka kwa wanawake, akapita katikati ya watu wote wale, akashika komeo lenye mafuta, akalivuta. Mlango ukafunguka. Kisha akanigeukia: "Shemeji, piga sasa. Wanangoja." Nikapiga! Zafa ikaondoka, na sijawahi kusikia mji huu ukilia kwa madufu namna ile.

Hemedi sijamsamehe. Aliniomba, nikamwambia bado. Siandiki hapa kwamba nimetulia, maana ningedanganya. Ila kesho yake Salehe alileta nyundo, akang'oa komeo. Pamebaki matundu ya misumari, na wanaotaka kugusa waguse hayo.

Sasa nakaa kibarazani kwangu, mtaa huo huo wa Ramadhani, nasikiliza wanavyofanya mazoezi. Dufu likilia vizuri nanyamaza, nakunywa chai yangu. Likilegea sivumilii, nasimama na kikohozi changu, napiga kelele mpaka majirani wanacheka:

"Lipasheni! Nje!"