Kidumu cha Mama Katika Chumba cha Wachezaji

Siku yangu ya kwanza katika klabu ya Gitega sikugusa mpira kwa muda mrefu. Kocha mkuu, aliyesomea ualimu wa michezo kwa Kifaransa na kuvaa koti hata jua likiwa kali, alinisimamisha katikati ya duara la wachezaji akawaambia wanirushie mpira kutoka kila upande. Kila nilipoupokea, mtu mwingine alikuja kwa nyuma akaninyang'anya. Wakacheka. Mmoja akauliza kama huko kambini tulikuwa tunacheza na kuku.

Kocha hakucheka. Alinijia, akanishika kidevu kama daktari, akakigeuza kichwa changu kulia, kisha kushoto.

"We unaangalia mpira tu," akasema. "Mpira haina maneno, itakuja. Angalia ile mutu iko nyuma yako. Mbele ya kupokea, geuza kichwa. Kila mara. Hata kama iko rafiki yako."

Hiyo ndiyo kazi ya kiungo mkabaji, ambayo sisi tuliiita namba sita. Ni yule anayekaa mbele ya mabeki, akipokea mpira kutoka kwao na kuugawa kwa wanaoshambulia. Watazamaji hawamkumbuki sana, lakini timu nzima inapumua kupitia kwake. Akiupokea bila kuangalia nyuma, ameiuza timu hata kama hakukusudia. Nyinyi mnaocheza sasa mnafundishwa haya kwa picha za televisheni. Mimi nilifundishwa kwa kidevu.

Nilizaliwa Tanzania, katika kambi ya wakimbizi. Mama alikimbilia huko akiwa binti, akaolewa huko, akawa mjane huko. Amani ilipoanza kuaminika tulirudi nchini kwetu kupitia mpaka wa Kobero, tukakaa Muyinga kwa mjomba wake. Mimi nilikuwa na cheti cha sekondari ambacho hakuna aliyekihitaji, kwa hiyo nilibeba mizigo ya malori pale mpakani. Jioni nilichezea timu ya Muyinga, chini ya kocha aliyekuwa mwanajeshi, ambaye mbinu yake ilikuwa moja: kukimbia, na ukichoka, kukimbia zaidi. Katibu wa klabu ya Gitega aliniona huko akanichukua kwa majaribio hadi mwisho wa msimu. Nikishindwa, narudi Kobero kwenye magunia. Hakuna aliyenificha hilo.

Lazima mjue hali ya siku zile. Bunduki zilikuwa zimenyamaza, lakini watu walikuwa bado wanapimana. Mgeni akiingia chumbani, mazungumzo yanabadilika. Timu ikisafiri, ilibeba maji yake na mpishi wake. Katibu alikusanya simu zetu tangu usiku wa kuamkia mechi, na asubuhi aliangalia nani anamsalimia nani uwanjani. Waliobaki nchini walitutazama sisi tuliorudi kama watu waliokuja na kitu mfukoni. Sisi nasi tuliwatazama wao kama watu waliokuwa na kitu tayari. Waliniita Mutanzania. Sikujua kama ni utani.

Kapiteni wetu aliitwa Ladislas, beki wa kati, mtu wa Makebuko, mrefu, mwenye maneno machache. Alicheza nyuma yangu, na pasi yangu ya kwanza katika kila shambulizi ilitoka mguuni mwake. Kwa hiyo yeye ndiye aliyeamua kama nipo kazini au sipo.

Mechi za mwanzo nilicheza vizuri. Kisha tukaenda kucheza Muyinga.

Mama alifika uwanjani mapema, amevaa kitenge chake cha kanisani, na kidumu cha njano kimejaa mutobe, yaani maji ya ndizi mbivu yaliyokamuliwa, matamu, yasiyochachushwa. Aliukamua mwenyewe kwa ajili ya wenzangu. Mlinzi wa mlango wa wachezaji hakumruhusu kupita, kwa hiyo nilikipokea mimi nikakipeleka chumba cha wachezaji.

Nilifanya kama nilivyolelewa. Nilimimina kikombe cha kwanza, nikapiga goti kidogo, nikampa kapiteni kwa mikono miwili. Kisha wakubwa, kisha rika langu. Changu nilikiacha mwisho, kama ilivyo adabu.

Hakuna aliyekunywa. Ladislas alikitazama kikombe, akanitazama mimi, halafu akakiweka polepole kwenye benchi. Wengine wakafuata. Mchezaji mmoja akakohoa kana kwamba ameshakunywa. Katibu akaingia.

"Hii mutobe inatoka wapi?"

"Kwa mama."

"Mama yako anakaaka wapi?"

"Hapa Muyinga, mkubwa."

Katibu akatikisa kichwa polepole, kama mtu aliyekuwa akingoja jibu hilo. Akamwambia mpishi alete maji ya kwetu.

Mpira ulipoanza, niligeuza kichwa kama nilivyofundishwa, nikajiweka wazi, nikainua mkono. Ladislas aliniona. Nina hakika aliniona. Akaupiga mpira juu, ukapita kichwani kwangu hadi kwa washambuliaji. Akafanya hivyo tena na tena, na mabeki wengine wakamwiga. Kiungo anayerukwa na mpira ni mtu aliyevaa jezi ya kutazamia mechi. Tulifungwa, na mapumzikoni nilikuwa nimeshatolewa. Mama alikuwa jukwaani anaona. Kidumu nilimrudishia kikiwa kimejaa, nikasema muda haukutosha.

Baada ya hapo nikakaa benchi. Katibu aliniuliza ninampigia nani simu jioni. Bwenini kwetu, kitanda kilichokuwa karibu na changu kikahamishwa. Mimi nikajitungia maelezo yangu: wanamdharau mama kwa sababu ni mkimbizi, wanaona mikono yake michafu. Nikaanza kula peke yangu. Sahani yangu niliiosha mwenyewe na kuifungia sandukuni. Sasa naelewa jinsi jambo hilo lilivyoonekana kwa mtu aliyekuwa tayari ananishuku. Siku zile niliona ni heshima yangu ninailinda.

Msimu ulipokaribia mwisho, kocha mkuu aliniita pembeni. Alisema miguu yangu haina tatizo, lakini yeye hawezi kuwaamrisha watu waniamini, na katibu ameshaanza kutafuta namba sita mwingine. Akanipa ruhusa ya mapumziko. Niliielewa ruhusa hiyo kama kuagwa.

Nilikwenda Muyinga. Mama alikuwa anachambua maharage. Aliniuliza neno moja ambalo nadhani alikuwa amelishikilia tangu siku ile.

"Walikunywa?"

Nikasema hapana. Nikamweleza yote, kwa hasira, na jinsi walivyomdharau. Alinisikiliza bila kuacha maharage. Kisha akauliza, "Wewe ulionja kwanza?"

"Nionje kabla ya wakubwa, mama?"

Akaacha kuchambua.

"Mwanangu," akasema, "hapa anayeleta kinywaji ndiye anayeanza. Anakunywa wanamwona, halafu anawapa. Ni hivyo tangu kwa babu zangu. Usipoonja, umewaambia kuna kitu ndani." Akafunika uso kwa kitenge. "Kule hatukuwa na migomba, tulikunywa maji ya bomba la wote. Nikakufundisha adabu za kule, nikasahau kukufundisha za huku."

Usiku ule nilifikiria kwenda kuwaeleza. Lakini mtu anayeshukiwa akianza kujieleza anaongeza tu shaka. Mama alikamua mutobe mwingine, nami nikapanda gari kurudi Gitega nikiwa nimekipakata kidumu kama mtoto.

Nilikiweka katikati ya chumba baada ya mazoezi. Nilimimina kikombe, nikanywa chote, polepole, wakaona. Nikamimina kingine, nikampelekea Ladislas. Hakukipokea mara moja.

"Nani alikufundisha?"

"Mama."

"Ile siku ya Muyinga haukuonja."

"Sikujua, kapiteni."

"Mutu mukubwa namna hii hajui kuonja?"

"Nilizaliwa kule. Kule mkubwa ndiye anaanza."

Ladislas akanyoosha kidole kwenye kikombe kilekile kilichokuwa mkononi mwangu. "Onja na hii."

Nikaonja. Akakichukua, akanywa, akapangusa midomo, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Iko tamu. Mama yako asiweke maji mingi." Ndipo wengine wakasogea na vikombe. Katibu alisimama mlangoni mpaka kidumu kikaisha. Hakunywa, na hakunywa chochote changu mpaka alipostaafu.

Mechi iliyofuata kocha alinianzisha. Mpira wa kwanza ambao Ladislas aliupata, aliutazama, akanitazama, akanipa miguuni. Niligeuza kichwa kabla ya kuupokea. Nyuma yangu hapakuwa na mtu.

Nilidumu Gitega misimu mingi, nikarudi Muyinga kumalizia, goti lilipoanza kuvimba kila baada ya mechi. Nimefanya kazi chini ya makocha wa kila aina, na wote walinisifu kwa jambo moja, kwamba sishtukizwi. Tangu niache mpira sijaweza kutulia mahali. Nikiwa Muyinga naikumbuka baridi ya asubuhi ya Gitega, nikiwa Gitega nalikumbuka vumbi la Kobero na sauti za wabebaji. Nasimama pembeni ya viwanja nikitazama vijana. Wanafungua chupa zilizozibwa kiwandani, kila mmoja yake, na hakuna anayempa mwenzake. Wanasema ni usafi. Labda.

Hivi karibuni nilishuka Makebuko kumtembelea Ladislas. Sasa ni mkulima, mgongo umepinda kidogo. Alinikalisha kwenye kiti kizuri, akaleta kidumu cha mutobe wa ndizi zake. Akamimina kikombe kimoja. Nikangoja aonje. Akaninyooshea.

"Mi sionji," akasema. "We kunywa."

Nilikishika. Shingo yangu ikageuka yenyewe, kulia, kisha kushoto. Mke wake alikuwa anaanika maharage uani. Mbuzi alikuwa amefungwa kwenye mgomba. Nikatazama ndani ya kikombe. Povu kidogo, rangi ya kawaida.

"Bado unaangalia nyuma," Ladislas akasema.

"Ni kazi."

"Najua."

Nikanywa hadi chini. Nilipoinua macho nilimkuta analitazama koo langu, hapepesi macho. Alipoona nimemeza, akakichukua kikombe mkononi mwangu, hakukisuuza, akajimiminia cha kwake.