Mwaridi Uliobeba Jina

Mie nimewahi kuuonea wivu mti: mwaridi wa mama, uani kwetu Temeke. Wanasema damu nzito kuliko maji. Wapi! Nilipanga foleni bombani mpaka shingo ikaniuma, lakini maji ya kuoshea mchele hayakumwagwa ovyo, yalikuwa ya mwaridi. Na mama aliuita kwa jina, tena jina la kike. “Umeamkaje leo?” anauuliza asubuhi. Mie mwanawe wa kumzaa sijaulizwa.

Baba, mtunza bustani ya Wazungu, ndiye aliyeleta kijiti chake kimefungwa gunia bichi. Maua yake yalijaa petali hata vichwa vikainama.

Nikiwa na miaka kama tisa, jirani alioza binti. Nikayachuma yote, nikawapelekea waliokuwa wakifunga vikuba, vile vishada vya maua vya bi harusi. Nikajiona nimefanya la maana! Mama alinizaba kofi moja, kisha akakaa mchangani akalia yeye. Kile kilio kiliniogopesha kuliko kofi.

Shangazi akanivuta jikoni. Kumbe kabla yangu alizaliwa dada, akafa siku ya tano. Kwetu jina hutolewa siku ya saba, basi akazikwa bila jina, na mama alikwisha kumchagulia. Siku moja baba akasimulia kwamba Mzungu fulani alichanganya mawaridi mawili, akapata la tatu, akaliita jina la binti yake. Mama akauliza, “Kumbe ua hupewa jina la mtoto?” Kesho yake akaagiza kijiti.

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Toka siku hiyo maji niliyapeleka mwenyewe, ingawa kununa nilinuna.

Nilipopata mimba ya kwanza nilirudi kwa mama kujifungua. Mwingereza alikuwa hajaondoka nchini. Nikapata binti, na jina lile nililitaka, sifichi. Lakini nimnyang'anye mama mtoto wake mara ya pili? Nikamtafutia jina jingine.

Siku ya saba watu wamejaa, wanangoja nitamke. Mama akaingia na waridi moja, miiba ameitoa. Akaliweka juu ya kanga ya mtoto, akainama, akamwita kwa jina lile.

“Mama!” nikasema, machozi yananitoka.

“Dada yako amelitunza,” akanijibu. “Sasa ampe mwanao.”

Jioni nilimsikia uani akimwagilia mwaridi. Hakuuita tena kwa jina. Alisema tu, “Kunywa, mwanangu.”